Ghorofa tupu za Posta zipangishwe watu

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi. Mtu akitaka kujenga, kukarabati au kubomoa, mimi ndiye ninayempigia hesabu ya saruji, nondo, vigae, mabomba na siku za mafundi. Kwa kazi hii nimeyaingia majengo mengi ya katikati ya Dar es Salaam kwa njia ambazo wapangaji hawazipiti. Nimepanda mpaka kwenye matangi juu ya paa, nimeshuka vyumba vya pampu, nimepima korido ambazo taa zake hazijawashwa muda mrefu. Na kadiri miaka inavyokwenda ninazidi kuamini jambo moja: sehemu ya ghorofa za ofisi zilizokaa tupu pale Posta zigeuzwe makazi, na wa kwanza kuingia wawe watu wa kipato cha chini wanaofanya kazi hapo hapo mjini.

Utupu huo una historia fupi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba safari hii wanahama kweli, na wakahama. Waziri Mkuu alitangulia mwaka huo huo, wizara zikafuata, naye Rais akahamia Chamwino Oktoba 2019. Wizara ikihama haihami peke yake. Huondoka na makandarasi waliokuwa wakifuatilia malipo, wanasheria, wenye steshenari, na mama lishe aliyewalisha wote hao. Baadhi ya majengo yalipewa taasisi nyingine za serikali, mengine yakabaki na mlinzi getini na ghorofa moja moja yenye watu. Wakati huo huo kampuni binafsi nazo zilikuwa zinakimbilia Masaki, Mikocheni na Barabara ya Bagamoyo kutafuta maegesho na kukwepa foleni ya mjini. Na katika miaka hiyo hiyo minara mipya ilikuwa imekamilika au inakamilika: ile miwili ya PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na ule wa Mamlaka ya Bandari, yote ikipita ghorofa 30. Nafasi iliongezeka huku watu wa kuijaza wakipungua.

Upande wa pili wa hesabu, sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wao wanasukumwa nje zaidi kila mwaka, Chanika, Kivule, Mbagala Rangi Tatu, Bunju, Kibamba, kwa sababu huko ndiko kiwanja au chumba kinakofikika.

Jengo moja nililokuwa nikilipima lilikuwa na ghorofa kadhaa mfululizo zisizo na mpangaji. Mama mmoja wa usafi alikuwa akizipiga deki hata hivyo, kwa kuwa mkataba wa kampuni yake ulisema jengo lote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaendelea na deki, kisha akaniuliza ninapima nini. Nilipomweleza akasimamisha fagio.

"Mwanangu, mimi naamka saa tisa usiku Chanika nije kusafisha vyumba visivyolala mtu. Wanipe hata kile cha mwisho pale, nitakilipia."

Hakuwa anatania. Alishakipima kwa macho, akajua kitanda kingekaa wapi.

Mji huu tangu mwanzo ulipangwa kwa kuamua nani alale wapi. Wajerumani waliugawa na Waingereza wakauendeleza hivyo hivyo: Uzunguni upande wa bahari kwenye bustani na upepo, Uhindini katikati kwenye maduka chini na familia juu, na Waafrika kuanzia Kariakoo. Uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kutenganisha. Mwafrika mwenye kazi mjini alitarajiwa kuuvuka asubuhi na kuuvuka tena jioni. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Hatua ile iliumiza familia nyingi za Kiasia, na sitaki kulipita hilo kimya, maana wengine walipoteza kila walichokuwa wamekijenga maishani. Ila kwa mara ya kwanza karani wa kawaida akapata nyumba ya kupanga Upanga na Mtaa wa Jamhuri, akaenda kazini kwa miguu. Mwaka 1990 Msajili aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, na kwa miaka mingi sasa majumba mengi ya aina ile, ya ghorofa mbili tatu, yamebomolewa kupisha minara ya ubia yenye kodi ambazo karani wa leo hawezi kuzigusa. Kwa hiyo ninapotaka watu walale Posta sileti jambo geni. Naomba kurudishiwa kitu ambacho mji huu ulikuwa nacho, tena ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai.

Tatizo ni kwamba si kila jengo linafaa. Yale ya miaka ya 1950 hadi 1970 mwanzoni ndiyo ninayoyapenda. Ni membamba, madirisha yake yanafunguka, na nje yana vizuia jua vya zege ambavyo wapita njia huviona kama urembo tu. Walioyachora walijua joto la Dar na hawakutegemea kiyoyozi. Fungua dirisha la upande huu na la upande ule, upepo wa bahari unapita katikati. Minara ya kioo ya miaka ya karibuni ni kinyume chake. Vioo vimefungwa moja kwa moja, sakafu ni pana mno kutoka dirisha moja hadi la upande wa pili, na umeme ukikatika bila jenereta ghorofa ya kumi na tano haikaliki ndani ya saa moja. Mwanga wa dirisha huingia ndani mita sita au saba. Baada ya hapo unawasha taa mchana. Jengo la 25 Water Street kule New York, lililojengwa kwa ajili ya kazi za benki, lilipogeuzwa kuwa fleti takriban 1,300 ilibidi wakate mashimo mawili makubwa kutoka juu hadi chini ili mwanga ufike ndani, kisha wakaongeza ghorofa 10 juu kufidia nafasi iliyopotea. Sisi tusianze na majengo ya namna hiyo. Tuyaache yaendelee kutafuta mabenki.

Watu huniuliza kama jengo la ofisi litahimili makazi. Kwa viwango vya Kiingereza ambavyo wahandisi wetu wamevitumia kwa miongo mingi, sakafu ya ofisi husanifiwa kubeba takriban kilo 250 kwa mita ya mraba, ya nyumba ya kuishi kilo 150. Makabati ya mafaili ni mazito kuliko kitanda na kabati la nguo. Uzito wa kuogopa ni wa kuta na maji. Ukigawa vyumba kwa tofali za inchi sita umeongeza mzigo ambao hakuna aliyeupangia, kwa hiyo kuta ziwe nyepesi, ila zenye kuzuia moto na sauti. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani 10 juu ya paa, na watu wanaooga, kufua na kupika watahitaji zaidi ya tangi moja. Zege lenyewe ni la miaka 50 na zaidi, tena karibu na bahari, ambako chumvi hula nondo. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Baada ya siku ile, hakuna mtu wa fani yangu mwenye haki ya kusema "litabeba tu" kabla ya kutoboa nguzo, kuchukua sampuli na kupima.

Nikishavuka hapo nafika kwenye sakafu yenyewe, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Ofisi ina vyoo sehemu moja, karibu na ngazi na lifti, na mabomba yote yanashukia hapo. Ukitaka fleti nane, kila moja na choo, bafu na jiko lake, utatoboa sakafu kila mahali, ghorofa baada ya ghorofa, na gharama ya mabomba peke yake inamfanya mwenye jengo afunge faili. Nimeliona faili likifungwa.

Lakini sisi tuna nyumba ambayo tangu zamani maji yake yako mahali pamoja. Ni nyumba ya Kiswahili, ile ya Magomeni, Ilala, Manzese na Kariakoo ya zamani: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kila chumba na dirisha lake, na huko uani choo, bafu na jiko la wote. Nusu ya mji huu imelelewa ndani ya nyumba hizo. Sasa chukua sakafu ya ofisi ya kizamani, tuseme mita 15 kwa 40. Pitisha korido ya mita mbili katikati. Kila upande unabaki na mita sita na nusu, kipimo ambacho mwanga wa dirisha bado unakifikia. Gawa kila upande kwa vyumba vya upana wa mita tatu, unapata 13, jumla 26. Toa vyumba sita kwa ajili ya ngazi, lifti, vyoo, mabafu na majiko mawili. Vinabaki 20, kila kimoja na mita za mraba 19 na nusu na dirisha linalofunguka. Mabomba hayajahama. Umeongeza bafu pale pale palipo na vyoo, umeweka jiko upande wa pili wa ukuta huo huo, na gharama imeshuka kwa namna inayofanya mwenye jengo aendelee kusikiliza. Mwaka 2024 taasisi ya Pew ya Marekani na wabunifu wa Gensler walitoa michoro ya kugeuza ofisi katika miji ya kwao, Denver ikiwemo, kwa mpango huu huu: vyumba vidogo pembeni kwenye madirisha, jiko na vyoo vya pamoja katikati. Niliitazama michoro ile nikaona Magomeni.

Najua pingamizi. Dalali yeyote wa Dar atakwambia kwamba siku hizi mpangaji anauliza masta, yaani chumba chenye choo ndani, kwanza, kodi baadaye. Watu wamechoka na choo cha pamoja, na wana sababu. Aliyeishi nyumba ya kupanga anajua ugomvi wa zamu ya usafi, anajua luku inayochangiwa sawa kati ya mwenye friji na mwenye balbu moja, anajua ndoo iliyohamishwa usiku. Basi vyumba hivi visiwe vya familia. Viwe vya muuguzi kijana wa Muhimbili anayetoka zamu saa mbili usiku, vya mwanafunzi wa IFM, CBE au DIT, vyuo ambavyo viko mjini kati huku wanafunzi wao wakilala Mbagala na Kimara. Viwe vya mlinzi, vya mhudumu wa hoteli, vya mama yule wa Chanika ambaye wanawe wameshakua. Kila chumba kiwe na mita yake ya umeme. Kila ghorofa iwe na msimamizi anayelipwa, mwenye funguo na simu ya fundi bomba, maana karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani hutosha kwa wapangaji sita wanaofahamiana, haitoshi kwa 20 wasiojuana. Familia zipewe pembe za jengo, pale ambapo bomba moja la ziada linatosha kuhudumia nyumba za vyumba viwili zenye choo ndani, ghorofa hadi ghorofa.

Nasisitiza hili la familia kwa sababu ya yaliyotokea Uingereza. Mei 2013 kule England waliruhusu ofisi zigeuzwe nyumba bila kupitia kibali kamili cha mipango miji. Nia ilikuwa kuongeza nyumba haraka, na kweli ziliongezeka. Katika mji wa Harlow, jengo la ofisi la ghorofa 14 liitwalo Terminus House liligeuzwa, na halmashauri za London zikapeleka huko familia zilizokosa makazi, nyingine zikiwekwa katika nafasi ya mita za mraba 18 hivi, baba, mama na watoto, na mahali pa kuchezea pakawa maegesho ya magari. Utafiti wa Chuo Kikuu cha UCL uliotoka 2020, ukiongozwa na Ben Clifford, ulikuta kwamba ni asilimia 22.1 tu ya nyumba zilizopatikana kwa njia hiyo ya mkato zilizofikia kipimo cha taifa cha ukubwa, wakati zilizopitia kibali kamili zilikuwa asilimia 73.4. Ilibidi 2020 iwekwe sharti la mwanga wa asili, kwa sababu kuna watu walikuwa wamejenga vyumba visivyo na dirisha, na mwaka uliofuata likaja sharti la ukubwa wa chini, mita za mraba 37 kwa nyumba ya mtu mmoja. Chumba changu cha mita 19 na nusu hakifiki hapo. Kinakubalika kwa mtu mmoja mwenye jiko la pamoja hatua chache kutoka mlangoni. Kikiwekwa watoto watatu ndani yake, tumerudia Harlow kwenye joto la nyuzi 32.

Johannesburg ilinifundisha zaidi. Biashara ilihama katikati ya mji ule taratibu, hata Soko la Hisa likahamia Sandton mwaka 2000, na majengo yakaachwa. Watu hawakungoja kibali. Waliingia. Mengine yalitekwa na magenge yaliyokusanya kodi bila kulipa maji wala umeme. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, namba 80 Mtaa wa Albert, liliwaka moto na watu 76 wakafa. Jengo hilo zama za ubaguzi lilikuwa ofisi ya pasi, mahali ambapo Mwafrika alikwenda kuomba karatasi ya kumruhusu kuwa mjini. Baadaye likawa hifadhi ya wanawake, kisha likaachwa. Lilikuwa mali ya Jiji. Ndani yake watu walikuwa wamegawa sakafu kwa mbao na makaratasi magumu, na geti la kutokea lilikuwa limefungwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wageni waliotoka nchi nyingine kutafuta maisha, Wamalawi wakiwemo. Tume ya Jaji mstaafu Sisi Khampepe iliwekea Jiji lawama, kwamba lilijua hali ya jengo lake na halikufanya kitu.

Huwa nawaambia wenye majengo wanaoniambia "bora likae tupu" kwamba jengo tupu katikati ya mji wenye uhaba wa vyumba halibaki tupu milele. Mji ule ule wa Johannesburg una shirika la Johannesburg Housing Company, lililoanzishwa 1995, ambalo limekarabati majengo ya katikati na kuyapangisha kwa watu wa kipato cha chini na cha kati, lina wasimamizi na linadai kodi yake kwa wakati. Mitaa ni ile ile. Tofauti iko kwenye nani ameshika funguo.

Kwa sababu ya Usindiso, moto ndio nisiolegeza kamba hata kidogo. Ngazi mbili, zisizopitia sehemu moja, na milango inayofunguka kwa kusukuma kutoka ndani. Mkaa marufuku, na mitungi ya gesi isipande juu. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kutaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Jiko la pamoja lenye majiko ya umeme ghorofa ya sita ni mahali pazuri pa kuuonyesha mkakati huo ukifanya kazi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lisaini kabla mpangaji wa kwanza hajaingiza godoro.

Kwa nini basi haifanyiki? Sheria inasumbua, ila haizuii. Kubadili matumizi ya ardhi kunaruhusiwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007 kwa kuomba, na tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo, hivyo hata jengo lenye ofisi chini na makazi juu linawezekana kisheria. Kinachozuia zaidi ni vitabu vya hesabu. Thamani ya jengo la ofisi hupigwa kwa kodi linayotarajiwa kuingiza. Kwa miaka mingi kodi hizo mjini zilitajwa kwa dola kwa mita ya mraba, mpaka kanuni za Machi 2025 zilipopiga marufuku bei za fedha za kigeni. Mwenye jengo akishakubali kodi ya chumba cha muuguzi, amekiri kwenye karatasi kwamba jengo lake halina thamani iliyoandikwa. Likikaa tupu, ile thamani ya zamani inaendelea kusomeka. Na majengo mengi makubwa ni ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Mwaka 2018 minne iliunganishwa kuwa PSSSF, na mali zao zikaingia humo. Yamejengwa kwa makato ya mishahara ya watu. Sakafu inayoingiza kodi ndogo inamfaa mstaafu kuliko sakafu inayoingiza sifuri huku ikilipiwa ulinzi na usafi.

Ningependa moja la umma lianze, na lisiuzwe. Miaka ya 2000 nyumba za serikali ziliuzwa kwa watumishi, na mtumishi aliyekuja baada yao akakuta hakuna. Vyumba vya Posta vibaki vya kupanga, chini ya Shirika la Nyumba au Wakala wa Majengo, na kodi ilipwe mwezi kwa mwezi. Anayepokea mshahara kwa mwezi hawezi kukusanya kodi ya miezi sita na ada ya dalali kwa mkupuo, na wengi wanaoishi mbali na kazi zao wanazuiwa na mkupuo huo kuliko kiwango chenyewe cha kodi. Ghorofa ya chini ibaki maduka. Kodi ya maduka ndiyo iendeshe lifti na pampu, ili gharama hizo zisimwangukie mpangaji wa juu ambaye tayari anapanda ngazi umeme ukikatika.

Jengo la kuanzia liwe limejengwa kabla ya 1980, lenye madirisha yanayofunguka, ngazi mbili, na liwe limeungwa kwenye mtandao wa majitaka wa katikati ya mji, ambao sehemu kubwa ya Dar haina. Yapo. Kwa kazi niliyofanya mitaa ya Samora na Sokoine, ningeweza kukutembeza asubuhi moja tukayaona kwa miguu, tukianzia Posta ya Zamani.